Mahojiano ya Mdomo kama Kinga ya Udanganyifu wa Akili Unde: Mwongozo kwa Wahadhiri wa Vyuo

Mhadhiri anayesahihisha insha mia moja leo hana njia ya uhakika ya kujua, kwa kuitazama karatasi peke yake, ni nani aliyeiandika. Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayotunga maandishi, ilipowekwa hadharani tarehe 30 Novemba 2022, mwanafunzi mwenye simu na bando la siku moja anaweza kupata insha ya kurasa nne kuhusu Azimio la Arusha, programu ndogo ya kompyuta inayofanya kazi, au uchambuzi wa riwaya ambayo hajaifungua, tena kwa muda mfupi kuliko ule wa kupanga foleni ya kuazima kitabu maktabani. Mwongozo huu unaeleza njia moja ya kukabiliana na hali hiyo, nayo ni kumwita mwanafunzi baada ya kukusanya kazi yake, akae mbele ya mwalimu kwa dakika chache na kuieleza kwa kinywa chake. Umeandikwa kwa kuzingatia vyuo vya Afrika Mashariki, ambako madarasa ni makubwa, walimu ni wachache, na lugha ya kufundishia mara nyingi si ile anayoizungumza mwanafunzi akiwa bwenini.

Mahojiano haya hayakusudiwi kuwa mtego. Nguvu yake haimo katika kuwanasa walionakili, bali katika jambo ambalo kila mwanafunzi analijua tangu siku anayopewa swali, kwamba ataulizwa kuhusu jibu lake. Anayejua hivyo hulazimika kuielewa kazi yake hata kama alisaidiwa kuiandika, na akishaielewa, sehemu kubwa ya lengo la kozi imekwisha kufikiwa. Hatua zote zinazofuata zinatokana na wazo hilo, na mhadhiri atakayeyageuza mahojiano kuwa upelelezi ataona mambo mengi yaliyomo humu hayamfai.

Kwa nini programu za kubaini hazitoshi

Wengi hukimbilia kwanza programu zinazodai kuyatambua maandishi ya mashine. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa programu yake ya namna hiyo Januari 2023. Kwa takwimu za kampuni yenyewe, iliyatambua asilimia 26 tu ya maandishi yaliyotungwa na mashine, na ikayashuku kimakosa asilimia 9 ya yale yaliyoandikwa na binadamu. Julai mwaka huohuo iliondolewa kwa sababu ya usahihi wake mdogo. Mwaka huo pia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba kwa insha 91 za watahiniwa wa TOEFL, yaani watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. Programu za aina hii hupima, pamoja na mambo mengine, jinsi maneno yanavyotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha aliyojifunza darasani hutumia maneno machache na miundo ya kawaida. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayeandika kwa Kiingereza yumo ndani ya kundi hilo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilizima kipengele cha kubaini maandishi ya mashine katika Turnitin, programu ya kukagua kazi zilizonakiliwa, Agosti 2023 baada ya kupiga hesabu kwamba, kwa kazi 75,000 zilizowasilishwa chuoni hapo mwaka 2022, hata kosa la asilimia 1 lingezitia doa kazi 750 hivi zisizo na hatia.

Kuuliza kwa mdomo, kwa upande mwingine, si jambo geni kwetu. Mwanafunzi wa uzamili hutetea tasnifu yake mbele ya jopo, wa udaktari huulizwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na katika vyuo vya dini vya pwani mwanafunzi husoma kitabu mbele ya sheikh wake, akasahihishwa, kabla hajapewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha. Kilicho kipya ni kuishusha desturi hiyo hadi kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliye darasani na wenzake mia tatu. Ikumbukwe pia kwamba kuandikiwa kazi hakukuanza na mashine: Nairobi ina vijana wengi wenye shahada waliojipatia riziki kwa miaka mingi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Mahojiano humfikia aliyelipa mtu sawasawa na aliyetumia programu.

Hatua ya kwanza: Yape mahojiano nafasi ndani ya kanuni

Mahojiano yasiyotajwa katika kanuni za kozi ni mazungumzo tu, na alama zake zinaweza kufutwa siku mwanafunzi mmoja atakapokata rufaa. Katika vyuo vingi vya Tanzania tathmini endelezi hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho wa muhula alama 60. Katika vyuo vingi vya Kenya mgawanyo ni 30 kwa 70. Mahojiano yaingie katika fungu la kwanza, ambalo idara ina uhuru nalo zaidi. Kwa maoni yangu, katika zile alama 40 yanafaa kupewa kati ya 10 na 15, na alama za insha yenyewe zipunguzwe kwa kiasi hichohicho. Yakipewa chini ya hapo, mwanafunzi anayejua hesabu ataona heri ayapoteze na kubaki na alama za insha aliyotungiwa. Yakipewa juu ya hapo, dakika chache za wasiwasi zitakuwa na uzito kuliko wiki nne za kazi.

Ongeza sharti moja: mwanafunzi asiyefika kwenye mahojiano bila sababu inayokubalika atahesabiwa kuwa hajakusanya kazi. Bila sharti hili, wale ambao ungependa kuwasikia zaidi ndio watakaougua siku hiyo. Yote haya yaandikwe katika muhtasari wa kozi na kupelekwa kwa mkuu wa idara kabla muhula haujaanza.

Hatua ya pili: Tangaza wiki ya kwanza

Wanafunzi waelezwe kwa maandishi nani ataitwa, kwa muda gani, alama zitatolewaje, ni lugha zipi zinaruhusiwa, na matumizi gani ya akili unde yanakubalika. Kuhusu hili la mwisho, napendelea kuruhusu matumizi yanayotajwa waziwazi, kama kusahihisha sarufi au kutafuta hoja za upande wa pili, kwa sharti kwamba mwanafunzi aandike mwishoni mwa kazi ni nini alichosaidiwa. Kuyakataza kabisa ni kutunga sheria isiyo na askari wa kuisimamia.

Katika mhadhara wa kwanza au wa pili, fanya mahojiano ya mfano. Mkufunzi msaidizi mmoja ashike nafasi ya mwanafunzi, ahojiwe kwa dakika tano mbele ya darasa, kisha darasa lipewe mwongozo wa usahihishaji na kumpa alama. Wasiwasi mwingi wa wanafunzi hutokana na kutojua watakutana na nini, na mfano mmoja huuondoa kuliko kurasa tatu za maelekezo.

Hatua ya tatu: Tunga swali linaloacha alama za safari

Swali kama "Jadili sababu za kushindwa kwa siasa ya Ujamaa" limejibiwa mara nyingi mno katika maandishi ambayo mashine imelishwa, na hata mwanafunzi mwaminifu ataandika kile ambacho kila mtu amekiandika, hivyo katika mahojiano kutakuwa na machache ya kumuuliza. Swali hilo linaweza kugeuzwa hivi: "Zungumza na mtu mmoja aliyehamishiwa katika kijiji cha Ujamaa wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, kisha eleza ni wapi simulizi yake inaafikiana na maandishi mawili ya kozi na ni wapi inatofautiana nayo." Mashine inaweza kubuni hata simulizi hiyo, lakini aliyeibuni hatakuwa na jibu la haraka ukimuuliza mzee yule alikuwa akilima nini kabla ya kuhamishwa, swali gani alilikwepa, na kwa nini kipande fulani cha maneno yake kiliachwa nje ya insha.

Pamoja na kazi yenyewe, omba nusu ukurasa wenye maamuzi matatu ambayo mwanafunzi aliyafanya njiani na sababu zake. Katika kozi za kompyuta, historia ya mabadiliko ya programu inafanya kazi hiyohiyo. Katika kozi za takwimu, faili la data ghafi. Huna haja ya kuyasahihisha haya. Utayatumia kutungia maswali.

Hatua ya nne: Piga hesabu ya muda kabla ya kuahidi

Hapa ndipo mipango mingi mizuri hufia. Mahojiano ya dakika nane, ukiongeza dakika mbili za kuandika alama na kumwita anayefuata, ni dakika kumi kwa mtu mmoja. Darasa la wanafunzi 60 linahitaji saa kumi, na saa hizo zigawanywe katika siku mbili, kwa sababu mhojaji aliyechoka si mhojaji yuleyule aliyeanza asubuhi, na mwanafunzi wa 35 katika siku moja hatendewi haki. Sehemu ya muda huo inaweza kufidiwa: insha iwe fupi, na maoni marefu ya pembeni yapunguzwe, kwa kuwa mwanafunzi atayapata kwa mdomo.

Darasa la 300 linahitaji saa 50, na hakuna mhadhiri mmoja anayeziweza. Njia inayofaa ni kura. Chukulia kwamba muhula una kazi nne. Ukipiga kura huria ya robo ya darasa kila mara, karibu theluthi moja ya wanafunzi watamaliza muhula bila kuitwa hata mara moja. Ukiita 75 wapya kila mara, wote wataitwa, lakini aliyeitwa kwa kazi ya kwanza hana tena cha kuhofia hadi muhula uishe, na wenzake watamtegemea kama mwandishi wa kikundi. Kwa hiyo changanya: kila kazi iwe na wapya 75, na kuanzia kazi ya pili uongeze 15 wanaopigiwa kura miongoni mwa waliokwisha kuitwa, ambao alama yao itakuwa wastani wa mahojiano yote waliyofanya. Watu 90 ni saa 15, na wahojaji watatu, yaani mhadhiri na wakufunzi wasaidizi wawili, wanazimaliza kwa saa tano kila mmoja. Kura ipigwe hadharani, mbele ya kiongozi wa darasa, baada ya muda wa kukusanya kazi kupita. Majina yakijulikana mapema, kinga yote imekwisha.

Kuhoji watatu watatu kwa kazi za vikundi kunaokoa muda pia, mradi kila mmoja aulizwe kuhusu sehemu iliyofanywa na mwenzake, si yake tu.

Hatua ya tano: Tayarisha maswali kutoka katika kazi yenyewe

Unaposoma kazi, andika pembeni maswali matatu. Usitafute maswali magumu. Tafuta yale ambayo aliyeifanya kazi hiyo hawezi kukosa la kusema. La kwanza liwe la uamuzi: kwa nini alianza na hoja hii na si ile, kwa nini alichagua chanzo hiki, kwa nini sampuli yake ilitoka soko moja tu. La pili liwe la mabadiliko: hali moja ikigeuka, hitimisho lingegeuka vipi? Kwa mwanafunzi wa takwimu, unaweza kumwonyesha kaya moja yenye mapato makubwa kupindukia na kumuuliza, "Tukiiondoa hii, wastani utaelekea wapi, na namba ya kati itaelekea wapi?" Kwa mwanafunzi wa kompyuta, mwombe abadilishe mstari mmoja ili programu ikatae namba hasi, huku ukimtazama. Aliyeiandika programu hujua aende wapi hata kama anakosea alama za uandishi. Aliyeinakili huanza kuisoma upya kutoka juu.

La tatu liwe la mipaka: ni sehemu gani ya kazi anaiona dhaifu, au ni wapi palimsumbua zaidi. Hili kwangu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Mtu aliyeandika kweli hukumbuka alipokwama: aya aliyoitupa, kitabu alichokitafuta akakuta kimeazimwa, jedwali lililokataa kulingana. Majibu ya namna hiyo huja na mambo madogomadogo ambayo hakuna aliyeyaomba. Jibu la kukaririwa huja safi, na swali moja la nyongeza, "Uliitupa kwa sababu gani?", hutosha kulijaribu.

Yaepukwe maswali ya kumbukumbu, kama vile ukurasa wa nne unasema nini, kwa sababu hata mwandishi mwenyewe husahau, na mwanafunzi aruhusiwe kuishika kazi yake wakati wote. Yaepukwe pia maswali ya kitabuni yasiyohusu kazi hiyo, ambayo humpa nafuu mwenye kukariri. Kuuliza maana ya neno moja gumu lililomo ndani ya insha kuna faida kiasi, lakini kusitegemewe, kwani wanafunzi wengi waaminifu hufungua kamusi usiku na kulisahau neno asubuhi.

Faida nyingine ya maswali yanayotoka katika kazi ya mtu binafsi ni kwamba hayavuji. Waliohojiwa asubuhi watawasimulia wenzao kilichoulizwa, na simulizi hiyo haitamsaidia mtu mwenye insha tofauti.

Hatua ya sita: Weka mwongozo wa usahihishaji kabla ya kumwita wa kwanza

Udhaifu mkubwa wa mitihani ya mdomo tangu zamani ni bahati: mhojaji mkali au mpole, swali jepesi au zito. Katika tiba, tatizo hilo ndilo lililomfanya Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, mwaka 1975, kuanzisha mtihani wa vituo ambamo kila mwanafunzi hupita kwenye kazi zilezile na kupewa alama kwa orodha ileile. Mahojiano ya kozi hayawezi kufanana kiasi hicho, kwa kuwa kila kazi ina maswali yake, lakini aina za maswali na mgawanyo wa alama vinaweza kufanana.

Kwa mahojiano ya alama 10, mgawanyo huu unafaa: alama 4 kwa kueleza hoja kuu kwa maneno yake mwenyewe, alama 3 kwa kutetea maamuzi na vyanzo, na alama 3 kwa kukabili swali la mabadiliko. Kusiwe na alama ya ufasaha wala ya kujiamini, kwa sababu ukiiweka utawalipa waliosoma shule za ada kubwa kwa jambo lisilofundishwa na kozi. Kabla ya kuanza, wahojaji wote wamhoji mwanafunzi mmoja wa kujitolea kwa pamoja, kila mtu aandike alama zake kwa siri, kisha walinganishe. Tofauti ya alama tatu au zaidi inaonyesha kuwa mwongozo unasomwa kwa namna mbili na unahitaji kuandikwa upya. Alama ziandikwe mara tu mwanafunzi anapotoka, si jioni.

Hatua ya saba: Chumba, mlango na mtu wa pili

Mtihani wa kuandika humficha mwanafunzi nyuma ya namba. Mahojiano yanamleta na jina lake, sura yake, lafudhi yake na mavazi yake. Upendeleo unaweza kuingia bila mtu kukusudia, na ubaya mkubwa zaidi unaweza kuingia kwa kukusudia. Rushwa ya ngono vyuoni ni tatizo linalojulikana, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 inalitaja kosa hilo katika kifungu cha 25. Utaratibu unaomfungia mwanafunzi na mwalimu mmoja katika ofisi, huku alama zikiamuliwa na mwalimu huyo peke yake, haupaswi kuanzishwa hata kama nia ni njema.

Kwa hiyo mahojiano yafanyike katika chumba cha semina, si ofisini, mlango ukiwa wazi au wenye kioo, saa za kazi, na mtu wa pili akiwepo. Mtu huyo anaweza kuwa mkufunzi msaidizi anayeandika kumbukumbu. Asipopatikana, mahojiano yarekodiwe sauti, na mwanafunzi ajulishwe mapema. Hakuna mahojiano ya kurudia yanayopangwa kwa simu ya mhadhiri. Ratiba yote ibandikwe kwenye ubao wa idara au itumwe kwa njia rasmi ya chuo. Mwanafunzi naye awe na haki ya kuomba mhojaji mwingine bila kutakiwa kueleza sababu mbele ya yule anayemkataa.

Mwanafunzi akiingia, akaamkia na kuitikiwa, anza na swali jepesi ambalo halina alama, kama vile aliipataje mada yake. Ukimuuliza swali, mpe muda wa kutosha. Walimu wengi hawavumilii sekunde tano za kimya, na hulijibu swali lao wenyewe.

Hatua ya nane: Lugha na adabu

Jambo hili linahitaji uangalifu kuliko yote. Kozi nyingi hufundishwa kwa Kiingereza, na mahojiano ya Kiingereza yanaweza kugeuka kuwa mtihani wa kuzungumza Kiingereza bila mtu yeyote kutamka hivyo. Mwanafunzi aliyetumia siku kumi kuandika kurasa nne nzuri anaweza kukatika maneno katika dakika ya kwanza. Hiyo si dalili ya udanganyifu. Kuandika kunampa mtu muda, kamusi na rafiki wa kumsomea rasimu. Kuzungumza hakumpi hata kimoja. Kinacholinganishwa ni hoja: je, anachokisema kwa maneno ya kuvunjikavunjika ni kilekile kilichoandikwa kwa maneno yaliyonyooka?

Pale kanuni zinaporuhusu, mwanafunzi achague kueleza kwa Kiswahili huku istilahi za fani zikibaki kwa lugha aliyofundishiwa, na aruhusiwe kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine katikati ya sentensi, kama anavyofanya kila siku kwenye semina. Kama kanuni haziruhusu, omba idara itamke kwamba mahojiano ni sehemu ya kupima uelewa wa mada. Lakini Kiswahili nacho kisilazimishwe: mwanafunzi aliyetoka Sudan Kusini, au Mganda aliyesomea kwa Kiingereza tangu utotoni, atakuwa na ugumu uleule kwa upande wa pili.

Adabu nayo ina nafasi yake. Wanafunzi wengi wamelelewa kutombishia mkubwa. Ukimwambia mmoja wao, "Huoni kwamba hoja yako hapa si sahihi?", atakujibu, "Ndiyo, mwalimu," na kuiacha hoja ambayo pengine ni sahihi kabisa. Umepima malezi yake, hukupima uelewa wake. Pingamizi liletwe kupitia mtu wa tatu: "Kuna watakaosema kwamba bei ya mahindi ilipanda kwa sababu ya ukame, si kwa sababu ya ushuru. Wewe ungewajibu nini?" Sasa anabishana na watu wasiokuwepo, na ulimi unafunguka. Hata namna ya kukaa husaidia: kazi iwekwe mezani katikati, wote wawili wakiitazama, badala ya mwalimu kuishika na kumkazia mwanafunzi macho.

Kwa mwenye kigugumizi ongeza muda bila kuuliza. Kwa kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama apangwe mapema na mahojiano yaongezwe dakika. Kwa yule ambaye hofu inamzidi, njia mbadala ni kumpa maswali yaleyale kwa maandishi ili ayajibu kwa kalamu palepale, mbele ya msimamizi. Kinachohitajika ni jibu lake la papo hapo, na si lazima lipitie kinywani.

Hatua ya tisa: Majibu yasipolingana na kazi

Itatokea. Mwanafunzi ana insha ya kupigiwa mfano, na hawezi kueleza aya yake ya kwanza. Usimtuhumu palepale, wala usimuulize kama alitumia ChatGPT. Swali hilo halipimi lolote na linabadili mahojiano kuwa kesi. Maliza maswali yako, andika alama kwa mujibu wa mwongozo, na umshukuru. Kama mahojiano yana alama 12 na amepata 2, utaratibu umekwisha kufanya kazi yake bila mtu kuhitaji kuthibitisha chochote.

Hatua za kinidhamu ni jambo jingine na zina kizingiti kingine. Zianzishwe pale tu tofauti ni kubwa mno, na baada ya mahojiano ya pili, siku nyingine, kwa mhojaji mwingine. Mtu huweza kushindwa mara moja kwa sababu ya malaria, msiba au usiku wa bila kulala. Akishindwa tena kwa maswali tofauti kuhusu kazi ileile, kumbukumbu za mahojiano yote mawili zipelekwe idarani, ambako kanuni za udanganyifu katika mitihani zitafuata mkondo wake. Ushahidi utakaopelekwa huko ni maneno ya mwanafunzi mwenyewe, siyo asilimia iliyotolewa na programu ambayo hakuna mjumbe wa kamati anayeweza kueleza inavyofanya kazi.

Mahojiano ya mtandaoni

Kwa wanafunzi wa masafa, simu ya video inafaa, ingawa kinga yake ni hafifu zaidi, maana zipo programu zinazosikiliza swali na kuandika jibu kwenye kioo papo hapo. Tegemea zaidi maswali ya kutenda: achore mchoro wa hoja yake kwenye karatasi na kuuonyesha kwenye kamera, au afungue faili lake na kubadilisha kitu huku ukiona. Umeme ukikatika au bando likiisha, mahojiano yaendelee kwa simu ya kawaida ya sauti, au yapangwe upya kwa maswali mapya. Hili nalo liandikwe katika maelekezo ili lisiwe hiari ya mhojaji.

Kumbukumbu

Rekodi za sauti ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Chini ya zote mbili, mwanafunzi anastahili kujua rekodi inachukuliwa kwa madhumuni gani na nani ataisikia. Zihifadhiwe kwenye kompyuta ya idara, si kwenye simu ya mhadhiri, na zifutwe muda wa rufaa unapokwisha. Kwa mtahini wa nje, tayarisha jalada lenye mwongozo wa usahihishaji, kazi za wanafunzi sita hivi waliopata alama za juu, za kati na za chini, maswali waliyoulizwa, na karatasi za alama za wahojaji. Katika jalada hilohilo weka orodha ya maswali ambayo karibu kila mwanafunzi aliyajibu kwa maneno yaleyale, ili yasitumike tena muhula ujao.